Aproni Yenye Mifuko Mitano

Kila nilipotoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Karakana ya mama ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu: vyerehani viwili karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi, na kioo cha wateja kilichopasuka pembeni. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa mkataji. Kila alipochomoa pini kwenye kitambaa aliiacha ianguke ilipotaka. Mimi nilitambaa chini ya meza na sumaku niliyoing'oa kwenye redio mbovu, nikazikusanya zote, huku mjomba akijifanya hanioni na kutaka kunikanyaga vidole.

Wazo la sumaku lilikuwa langu. Zamani mama alizifagia pini kwa ufagio, na zilizobaki alizipata kwa nyayo. Siku nilipoleta sumaku, mjomba alinipa jina la Injinia, na jina likanikaa. Wateja waliniita hivyo, wenzangu shuleni waliniita hivyo, na mimi mwenyewe nikaanza kujiita hivyo moyoni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na nilichora vizuri kuliko darasa zima. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili mjue kichwa changu kilikuwa kimevimba kiasi gani.

Mwaka huo kazi zilikuwa zimepungua. Sare za shule zilikwisha kushonwa, na cherehani cha pili kilikuwa kimefunikwa shuka kwa wiki tatu. Mjomba alianza kuuliza habari za kazi katika mji mwingine. Hakusema mbele yangu, lakini nyumba yetu ilikuwa ndogo na masikio yangu yalikuwa makubwa. Sikuwahi kuishi hata wiki moja bila utani wa mjomba, na sikutaka kujua maisha hayo yakoje.

Ndipo ikaja kazi ya kiwanda cha mikate. Msimamizi wa kiwanda, bwana mmoja mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimweleza mama kwamba wafanyakazi wake thelathini walihitaji aproni mpya. Walizokuwa nazo hawakuzipenda, walizivua kila walipopata nafasi. Alitaka mama amshonee moja ya kujaribu. Ikiwafaa, mama angeshona zote, na nguo nyingine za kazi baadaye. Isipowafaa, alikuwapo fundi mwingine aliyekuwa akiisubiri kazi hiyo. Alipoondoka, mjomba alikwenda kukifunua kile cherehani cha pili na kukipangusa vumbi, akipiga mluzi.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Hakukata kitambaa kabla ya kumwona mtu akiwa kazini. Dereva aliyetaka suruali aliwekwa kwanza kwenye kiti na kuambiwa ajifanye anaendesha gari. Mwalimu aliyetaka gauni aliambiwa anyooshe mkono kana kwamba anaandika ubaoni. Watu walicheka, lakini walirudi tena. Kwa bahati mbaya, wiki hiyo mama alikosea ngazi na kutegua kifundo cha mguu, na daktari alimwambia apumzike.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo mama akaamua kunituma mimi. Niliuliza kwa nini asiende mjomba. Mama alisema akimtuma mjomba atazungumza yeye mpaka mikate iungue, na mjomba mwenyewe hakukataa. Kisha mama akanipa daftari jipya, akaniketisha mbele yake na kunishika mikono yote miwili.

"Utakwenda asubuhi tatu," akasema. "Usiwaulize wanataka nini. Mtu ukimuuliza anataka nini, atakutajia alichokiona kwa mwenzake. Muulize anasumbuka wapi, kisha mwambie akuonyeshe. Watu kumi. Na uandike maneno yao, mwanangu, usiandike yako."

Niliitikia haraka haraka, kama mtu anayefundishwa kufunga viatu. Tayari nilikuwa nimeanza kuiona aproni yenyewe kichwani.

Kiwandani kulikuwa na joto ambalo sikulitarajia. Mashine ya kukandia unga ilinguruma upande mmoja, na upande wa pili lilikuwapo tanuri kubwa lenye milango ya chuma. Watu walipita huku na huku na trei, kila mmoja akijua anakokwenda isipokuwa mimi. Msimamizi alinionyesha pa kusimama na kuniambia nianze na Mama Tanuri, mwanamke mnene aliyekuwa akitoa mikate, kwa sababu yeye ndiye mkongwe wa kiwanda. Nilimsogelea, nikakohoa kidogo, nikaanza kujieleza. Hakugeuka. Alisema tu, "Subiri kwanza, mwanangu."

Nikasubiri. Jasho lilinitiririka mgongoni. Kijana mmoja alinipita na gunia akaniambia nisogee, mwingine akaniambia nirudi nilipokuwa. Mama Tanuri aliendelea kunipa mgongo. Mimi, Injinia, nimesimamishwa kama mwiko! Labda zilipita dakika tano, labda hazikufika. Niliuma midomo, nikafunga daftari langu na kutoka nje.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na tangi la maji lenye kivuli kizuri. Niliketi hapo, nikachora. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilichora aproni ya buluu yenye mifuko mitano: miwili kiunoni, miwili mapajani, na mmoja kifuani wenye vijumba vitatu vya kalamu. Nyuma niliweka mikanda mirefu ya kufunga kwa fundo la kipepeo. Ilipendeza sana. Niliitazama, nikajiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu angeikataa.

Yalibaki majibu ya watu kumi. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka masikio yananiwaka moto. Niliwatunga. Kila mtu niliyemwona akipita kwenye dirisha la nyuma la kiwanda nilimtungia jibu. "Kijana wa magunia: nasumbuka kwa kukosa mifuko." "Dada wa kufungasha: napenda rangi ya buluu." Nilijitahidi hata kubadilisha namna yao ya kusema, ili wasifanane. Jibu la Mama Tanuri nililifanya refu kuliko yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniudhi. Asubuhi ya pili na ya tatu sikuingia ndani kabisa. Niliketi kwenye kivuli cha tangi mpaka muda ukatosha.

Mama alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza aliniambia nimefanya kazi ya mtu mzima. Aliyasema hayo mbele ya wateja wawili, nami nikatazama sakafu, na wao wakadhani ni adabu. Mjomba alilichukua daftari, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Hili limeshinda siku tatu kwenye kiwanda cha mikate," akasema, "na halina hata chembe ya unga?"

Nilijibu kwamba nilikuwa nikinawa mikono kila mara. Mjomba alinitazama kidogo, akanirudishia daftari na kuendelea kukata. Huo ulikuwa uongo wa pili, na niliona jinsi ulivyotoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Mama alishona aproni kwa siku mbili, mguu wake mmoja ukiwa juu ya kigoda. Vile vijumba vya kalamu alivishona mara mbili ili visilegee. Mjomba, kwa furaha yake, alizungushia uzi wa buluu bobini nyingi, vigurudumu vya uzi wa cherehani, akazipanga dirishani tayari kwa aproni thelathini. Kila nilipopita pale nilizikwepa kwa macho.

Siku ya kuipeleka, mama alikodi gari kwa ajili ya mguu wake, akashuka akijikokota kwa mkongojo, na mimi nikabeba mfuko. Msimamizi aliwakusanya wafanyakazi wakati wa mapumziko ya chai. Walikuja wakijipangusa mikono, wakatuzunguka. Mama alimwomba Mama Tanuri aivae yeye.

Kwanza ilikuwa mikanda. Mikono ya Mama Tanuri ilikuwa na mafuta, na kila alipojaribu kufunga fundo mgongoni, mikanda ilimteleza. Mwenzake akamsaidia. Kisha mama akamwomba afanye kazi yake ya kawaida. Mama Tanuri aliinama kutoa trei ya chini, na mfuko wa kifuani ukanasa kwenye kona ya trei. Akarudi nyuma ghafla, trei ikayumba, mikate miwili ikaanguka. Alipohamia kwenye meza ya unga, mifuko ya kiunoni ilikuwa wazi kwenye ukingo wa meza, ikajaa unga. Watu walianza kucheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini nilimwona mama akiuma mdomo.

"Nani aliyeomba mifuko hii?" msimamizi akauliza.

Mama alikuwa ametulia bado. Aliliamini daftari. Alilifungua, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Mama wa tanuri anasema, nasumbuka sana kwa kukosa mfuko kifuani, kwa sababu napenda kuandika idadi ya mikate, na nikipata mahali pa kalamu nitafurahi."

Mama Tanuri alinitazama, akamtazama mama.

"Mimi?" akasema. "Mimi sijazungumza na huyu mtoto. Nilimwambia asubiri, mikate ilikuwa kwenye dakika yake ya mwisho. Nilipogeuka hayupo. Nikamtafuta mpaka getini, nimemshikia mkate wa moto."

Kijana wa magunia naye akasema hanijui. Dada wa kufungasha akasema aliniona nje, kwenye tangi, akadhani ninamsubiri mtu.

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ya kiwanda ilikuwa ya saruji na haikuwa na haraka yoyote. Nilichokiona wakati huo hakikuwa macho ya wale watu. Nilikiona kidole cha mama, ambacho kilikuwa bado kimekaa kwenye mstari alioufikia, kikishuka polepole kwenye ukurasa uliojaa majibu, kikipita jibu moja baada ya jingine. Alipofika mwisho alilifunga daftari.

"Naomba radhi," akasema. "Kosa ni langu. Kazi nimeileta mimi, na nilipaswa kuihakikisha. Nipeni nafasi nyingine."

Msimamizi alijikuna nyuma ya sikio, kalamu ikaanguka, akaiokota. Alisema fundi mwingine ataleta aproni yake Jumatatu. Kama mama anaweza kuleta nyingine siku hiyo hiyo, watazijaribu zote mbili. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mimi sikusema neno. Nilimwacha mama abebe kosa langu mbele ya watu thelathini, akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Uongo nilikuwa nimeuonea haya, lakini ukimya huu niliuonea haya zaidi, na nilijua nikiwa palepale, na bado sikufungua mdomo.

Njiani mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alitazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Mjomba alikuwa mlangoni, akauliza tuanze na aproni ngapi. Mama akamwambia azitoe bobini dirishani kwanza. Mjomba alizikusanya moja moja, akaziweka kwenye boksi, na hakupiga mluzi.

Nilimfuata mama jikoni.

"Mama, niliyatunga."

"Uliwauliza wangapi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Aliketi. Alivua kiatu kwenye mguu mbovu, akausugua muda mrefu. Nilitaka kumweleza habari za joto, na kusimamishwa, na jinsi aproni ilivyokuwa nzuri kwenye karatasi, lakini kila sababu niliyoishika ilivunjika kabla haijafika mdomoni. Nikaanza kulia. Nikamwambia pia kwamba najua mjomba ataondoka, na kwamba itakuwa kwa ajili yangu.

Mama alisema mjomba ni mtu mzima, mambo yake atayaamua mwenyewe. "Wewe una la kwako," akaongeza. "Kesho utarudi kiwandani. Utawaomba radhi kabla ya kuwauliza kitu chochote."

Nilimwomba twende pamoja. Akakataa. Alisema pale mbele ya watu yeye alikwisha kusimama.

Usiku huo nililala vibaya, na asubuhi miguu haikutaka kwenda. Mjomba alinisindikiza hadi kona. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya sumaku aliniita kwa jina langu la kuzaliwa, na jina hilo likanichoma kuliko kofi.

Niliomba radhi wakati wa chai. Nilikuwa nimekariri maneno mazuri, yote yakanitoroka. Nilisema niliwasingizia. Nilisema mama hakujua. Nilisema mimi ndiye niliyekimbia joto, na nikaandika mambo yangu nikayaita yao. Nikaimalizia sentensi huku natazama vidole vya miguu yangu. Mzee wa mashine ya kukandia alisema amenisamehe, ila yeye kwenye daftari alikuwa amesema nini? Nikamwambia nilimwandika kuwa anapenda vipepeo. Watu wakacheka sana, na mzee akacheka kuliko wote. Mimi sikuweza.

Mama Tanuri hakucheka. Alirudi kwenye tanuri lake, na nilipomfuata akaniambia, bila kugeuka, "Subiri kwanza, mwanangu."

Nikasubiri. Safari hii sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kusimama, nikaanza kuona. Niliona kwa nini hakugeuka: alikuwa akitazama rangi ya mikate kupitia kijidirisha, na ilipobadilika alikuwa na muda mfupi mno wa kuitoa yote. Niliona mkono wake wa kulia ukipapasa hewani. Alikuwa akitafuta kitambaa cha kushikia trei. Kilikuwa kwenye meza, mwenzake alikichukua. Akakipata, akatoa trei mbili, akakichomeka kiunoni, kikadondoka. Akapapasa tena. Nilihesabu. Katika mikate ya tanuri moja, alikitafuta kitambaa mara saba. Mara ya sita alichoka kukitafuta, akavuta trei kwa pindo la aproni, na ukingo wa mlango ukamgusa mkononi. Hakupiga kelele. Aliupuliza tu mkono na kuendelea.

Alipomaliza alinigeukia. Mikono yake, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, ilikuwa na alama nyembamba za kuungua, za zamani na za wiki hiyo. Zilikuwapo siku zote. Nilipomtungia maneno ya kalamu, zilikuwapo.

"Haya, uliza," akasema.

Sikuuliza kuhusu mifuko. Nilimwomba anionyeshe anavyokichomeka kile kitambaa kiunoni. Akanionyesha. Nikamuuliza kwa nini hawapendi aproni za zamani. Alisema fundo hulegea, na mikono ikiwa na unga huwezi kulifunga, lazima umwite mtu. Kijana wa magunia alisema mkanda wa shingoni humkata. Mzee wa mashine alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na kila kitu kilichowekwa kulia kwake kilikuwa kama hakipo. Siku nzima niliwafuata. Niliporudi nyumbani, daftari lilikuwa na unga, mafuta, na alama ya kidole gumba cha Mama Tanuri kwenye ukurasa wa tatu. Mjomba alilishika, akalikung'uta kidogo, unga ukamwagika mezani. Kisha alivuta kiti, akaketi.

Tulifanya kazi pamoja, watatu. Mama hakutuambia la kufanya. Aliweka daftari katikati ya meza na kuuliza, "Kipi kinawaumiza zaidi?" Nikasema mikono ya Mama Tanuri. Basi tukaanzia hapo. Mjomba ndiye aliyetoa wazo la mikanda mipana inayopishana mgongoni, mtu anaivaa kwa kupitisha kichwa, hakuna fundo. Mimi nikasema, mbona kitambaa cha kushikia trei kisiwe sehemu ya aproni, kwani Mama Tanuri mwenyewe alikichomeka kiunoni. Mama akauliza kikiwa kichafu kitafuliwaje. Nikalitazama daftari tena. Zamani ningekasirika. Baada ya muda mjomba akasema, vifungo.

Hatukukata kitambaa. Jumamosi nilikwenda kiwandani na aproni ya magazeti tuliyoibandika kwa gundi. Kila mtu aliivaa akasema kasoro yake. Ya kwanza ilichanika begani. Ya pili kitambaa kilikuwa chini mno, kingeshika mlango wa tanuri, na Mama Tanuri akanikunjia mwenyewe mahali panapofaa. Nilikwenda na kurudi mara nne siku hiyo. Kila niliporudi na kasoro, mama alifurahi, na mimi nikaanza kuelewa kwa nini.

Jumatatu aproni mbili zililazwa mezani. Ya fundi mwingine ilishonwa vizuri sana, na ilikuwa na mifuko miwili mikubwa kifuani. Niliitazama nikaona haya upya, kwani nililitambua kosa langu. Yetu ilikuwa ya kawaida kabisa, rangi ya unga, haikuwa na mfuko hata mmoja. Kiunoni ilikuwa na kitambaa kinene kilichokunjwa mara mbili, kimefungwa kwa vifungo pande zote mbili ili kisining'inie. Mtu angeweza kukihamishia kulia au kushoto. Pamoja nayo vilikuwapo vifuniko vya mikono, vya kuvaa mpaka kwenye kiwiko.

Mama Tanuri aliivaa bila kumwita mtu. Akafungua tanuri. Mkono wake ulishuka kiunoni, ukakuta kitambaa, akaishika trei nacho palepale kilipo, na trei ikatoka. Akatoa ya pili. Ya tatu. Hakupapasa hewani hata mara moja. Alipomaliza alifunga mlango na kusimama akijitazama.

Msimamizi aliuliza ni nani aliyeibuni. Mama alinitazama, hakunijibia. Palikuwa na mlango wa sifa uliofunguka pale, na mtu wa zamani aliyeitwa Injinia angeupita akikimbia. Nikafungua daftari. Nikasema mikanda ni ya mjomba. Vifungo ni vya mjomba pia. Mahali pa kitambaa pamekunjwa na Mama Tanuri. Kuhamia kushoto ni kwa ajili ya mzee wa mashine, na begani pamerekebishwa na kijana wa magunia. Mimi nilibeba magazeti.

Msimamizi hakutupa kazi yote siku hiyo. Alisema tushone tano kwanza, zifanye kazi wiki mbili. Zilifanya kazi wiki mbili, na kasoro moja ikaonekana kwenye vifungo, tukairekebisha. Ndipo akaagiza zilizobaki. Mjomba alizirudisha bobini dirishani, safari hii zikiwa na uzi wa rangi ya unga. Aliangusha pini moja kwa makusudi mbele ya miguu yangu na kusema, "Injinia, kazi hiyo." Niliiokota kwa mkono, kwa sababu macho yalikuwa na machozi na sikuiona sumaku.

Jioni hiyo mama aliniita mezani. Mguu wake ulikuwa umepona. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa tangu Alhamisi ile: kwa nini alisema kosa ni lake.

"Kwa sababu lilikuwa langu," akasema. "Wewe ulidanganya, hilo ni lako. Lakini niliyekutuma ni mimi, na niliyekusifu bila kuhakikisha ni mimi. Mkubwa wa kazi akianza kunyoosha vidole, wote walio chini yake watajifunza kuficha. Mawazo unayo mengi, mwanangu, na Mungu akuzidishie. Lakini kazi inaanza pale unapomsikiliza mtu mpaka wazo lako likubali kusogea kando."

Kisha akatoa kitu chini ya meza. Ilikuwa ile aproni ya buluu. Alikuwa ameipunguza urefu na kukaza mabega.

"Wale watu kumi hukuwauliza," akasema. "Lakini kuna mmoja ulimuuliza vizuri sana, na aproni ulimchorea yeye. Ivae."

Niliivaa. Ilinikaa sawasawa. Mfuko wa daftari ulikuwa mahali pake, na vile vijumba vitatu vya kalamu vilikuwa karibu na mkono wangu wa kulia, pale hasa ninapopenda kalamu zikae. Hakuna nguo iliyowahi kunitosha namna ile, na nilisimama mbele ya kioo kilichopasuka nikiwa nimeinamisha kichwa.

Niliivaa miaka mingi, mpaka buluu ikawa nyeupe. Kila mama aliponituma kwa mteja, nilitia daftari mfukoni, nikaenda, nikasimama kando. Wakiniambia nisubiri, nilisubiri.